Mapipa ya Machimboni

Mama Povu alikuwa dobi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Mama Povu, kwa sababu mikono yake ilikuwa ndani ya povu tangu jua lichomoze hadi lizame. Alifua nyumbani kwake, uani, chini ya paa la mabati alilojengewa na mumewe. Mumewe alikuwa seremala, na paa lile lilikuwa imara kuliko la nyumba yenyewe.

Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa barabarani. Alifua sare nyeupe za wauguzi wa zahanati. Alifua pia nguo za mafundi magari, zile zinazosimama zenyewe kwa mafuta. Alikuwa na utaratibu wake, wala hakuubadili. Nyeupe kwanza, za rangi baadaye, na za mafundi mwisho kabisa, kwenye karai lao la peke yao. Binti yake mkubwa alimsaidia kusuuza na kuanika. Baada ya hapo zilifuata wanga na pasi ya mkaa.

Maji aliyateka kisimani, palepale uani. Kisima kilikuwa kifupi, lakini hakikukauka hata wakati wa kiangazi. Mumewe alipenda kumtania mbele ya wageni. Alisema yeye alimwoa mkewe kwa uzuri, ila mkewe aliolewa kwa ajili ya kisima. Mama Povu hakukanusha.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia iliyopanda kilimani hadi kwenye machimbo ya zamani. Zamani watu walichonga mawe ya kujengea pale. Mawe yalipokwisha, wachimbaji walikwenda zao wakaacha shimo pana. Shimo likakaa tupu kwa miaka mingi. Kisha mtu mmoja akatupa godoro bovu. Mwingine akaliona godoro, akatupa maganda ya ndizi. Gari la taka halikufika mtaani, kwa kuwa njia ilikuwa mbaya. Basi polepole shimo likawa jaa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Likawa tu. Mama Povu naye alipeleka huko mifuko mitupu ya sabuni na chupa za dawa ya madoa. Kila mtu alifanya hivyo, na jambo likifanywa na kila mtu, hakuna anayeliona.

Mchana, mtu wa kwanza kuuliza chakula alikuwa mdogo wake Mama Povu. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na dada ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni huku akifua. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye pikapu ya kukodisha. Watu walimwita Breki, kwa kuwa gari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa hizo. Alibeba mchanga, vitanda, mbao za shemeji yake, na mizigo yoyote iliyopatikana. Watoto wa dada yake walimpenda. Siku za karibuni kazi zilimwendea vizuri, na mara kwa mara alikuja na kifurushi cha nyama mkononi.

Mvua zilipoanza, mashuka ya nyumba ya wageni yalitoka kwenye maji yakiwa na madoa.

Yalikuwa madoa madogo, rangi ya kutu, yametawanyika kama vile mtu amenyunyiza kwa vidole. Mama Povu aliyarudia. Madoa yakabaki. Aliyaloweka usiku kucha, asubuhi yakawa mengi zaidi. Akailaumu sabuni, akanunua ya aina nyingine. Akailaumu kamba, akaifuta. Mwisho alimlaumu binti yake, kwamba amechanganya mashuka na nguo za mafundi. Binti alisema hakufanya hivyo. Mama hakumwamini, na jioni ile walikula bila kuzungumza.

Haukupita muda, msimamizi wa nyumba ya wageni akaja na furushi kwapani. Alikuwa mtu mpole. Alisema wageni wanalalamika kwamba wanalalia mashuka machafu, na kwamba atatafuta dobi mwingine mpaka Mama Povu atakapopata ufumbuzi. Aliomba radhi mara kadhaa. Upole wake ulimuuma Mama Povu kuliko matusi.

Kisha muuguzi mmoja alivaa sare yake, akanyoosha mkono kuchukua kitu kabatini, na kitambaa kikachanika kwapani kama karatasi iliyolowa. Mama Povu aliletewa sare ile. Akaishika, akaivuta kidogo, ikachanika tena. Alikuwa amefua kwa miaka mingi, na alijua nguo huchakaa. Lakini hakuwahi kuona nguo mpya ikioza.

Mikono yake nayo ilianza kuwasha. Ngozi ikapasuka kwenye vifundo vya vidole. Alipaka mafuta na kuendelea na kazi, maana nguo za watu hazisubiri.

Jirani yao alikuwa mzee mfugaji wa bata, na kwa hiyo akaitwa Baba Bata. Bata wake waliogelea kwenye mtaro ulioshuka kutoka kilimani na kupita kando ya ua wa Mama Povu. Asubuhi moja, mvua ilipokwisha, aliwakuta wawili wamekufa mtaroni, na siku zilizofuata wengine. Hakuwapika. Aliwafukia nyuma ya nyumba, kisha akaja kwa seremala akiwa na jembe begani. Alisema amefuata mtaro mpaka juu, na maji yanatoka machimboni.

Wanaume wawili walipanda kwenda kutazama. Katikati ya taka walikuta mapipa ya plastiki ya bluu na makopo ya bati. Baadhi yalikuwa yamepasuka, na kitu chenye harufu kali kilikuwa kikivuja. Mvua ilikuwa imejaza shimo, na maji yalifurika ukingoni na kuingia mtaroni. Seremala alitaka wamwite mwenyekiti wa mtaa. Baba Bata alikuwa na hasira ya bata wake. Alisema moto ndio ufagio wa maskini, na kwamba mwenyekiti huja mambo yakishapoa.

Wakamwaga mafuta ya taa kwenye taka za juu, zilizokuwa zimekauka, wakawasha. Moshi ulipanda mweusi, kisha ukawa na rangi ya njano ambayo hawakuwahi kuiona. Ulishuka mtaani badala ya kwenda juu. Watoto wakakohoa, kina mama wakafunga madirisha. Halafu kopo moja likapasuka kwa kishindo. Kilichokuwa ndani kilimrukia seremala mkononi, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alishuka kilima akikimbia, ameushika mkono kama mzigo wa mtu mwingine.

Zahanati waliumwagia mkono maji safi kwa muda mrefu, wakamfunga bandeji. Muuguzi aliyemhudumia alikuwa yuleyule wa sare iliyochanika. Aliuliza walikuwa wanachoma nini. Aliposikia habari ya mapipa, alitoka, akarudi na Bibi Afya.

Bibi Afya alikuwa mkaguzi wa afya ya mazingira. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye varanda ya zahanati. Alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, na alivaa buti za mpira hata siku za jua. Asubuhi iliyofuata alifika mtaani. Hakwenda moja kwa moja machimboni. Alianza uani kwa Mama Povu, akatazama kisima, akanusa maji, kisha akatazama mikono yake.

"Maji haya mnakunywa?" aliuliza.

"Tunakunywa," alisema Mama Povu. "Lakini tunachemsha. Kila siku nachemsha."

"Kuchemsha ni kuzuri, usiache. Kunaua vijidudu. Lakini kama mliyoyaona juu ni dawa za kiwandani, hizo hazifi. Ukichemsha, maji yanapungua na sumu inabaki palepale. Unakuwa umeipika tu."

Mama Povu alitazama sufuria iliyokuwa jikoni. Ndani yake kulikuwa na maji ya chai ya watoto. Akainuka, akaibeba, kisha akasimama nayo, hajui pa kuyamwaga. Bibi Afya akamwambia ayamwage kisimani kulekule, na kisima kifungwe kuanzia saa ile. Seremala alikata mbao kwa mkono mmoja, binti akashika upande wa pili, wakaziba mdomo wa kisima.

Bibi Afya alichukua maji ya kisima na ya mtaro kwenye chupa safi, ya kupeleka maabara. Aliyatazama machimbo kutoka mbali, upande unakotoka upepo. Alipiga picha. Aliporudi, watu walikuwa wamekusanyika, naye akawaeleza palepale njiani. Alisema kosa la kwanza lilikuwa kuchoma. Chombo chenye dawa kikipata moto hupasuka, na moshi wake huingia kifuani na kukaa. Alisema mtu asiyaguse mapipa, asiyafungue, asichukue hata moja kwenda kuhifadhia maji, maana pipa la sumu halisafishiki kwa sabuni. Watoto wasipande kule. Mifugo isinywe maji ya mtaro.

Mwenyekiti wa mtaa aliuliza kwa nini watu walete sumu yao hapa, mahali wanapoishi binadamu.

Bibi Afya aliinua mkono kuelekea machimboni. "Kwa sababu walipokuja walikuta taka zenu," alisema. "Mtu mwenye mzigo asioutaka hutafuta mahali ambapo mzigo mmoja zaidi hautaonekana. Ninyi ndio mliomfungulia mlango."

Watu walitazama chini. Mama Povu alikumbuka chupa zake za dawa ya madoa. Alitamani mtu mwingine aongee.

Majibu ya maabara yalipofika yalisema kwamba maji yalikuwa na tindikali na mabaki ya madini, yale yanayotumika kung'arisha vyuma. Mama Povu hakuelewa maneno yote. Alielewa kwamba madoa hayakutoka kwenye sabuni wala kwa binti yake. Jioni alikwenda kukaa karibu na binti, akamsaidia kuchambua mchele, na baadaye akamwambia kwamba alimkosea. Binti alisema anajua. Wakaendelea kuchambua.

Sasa swali lilikuwa moja, ni nani anayeleta. Hakuna aliyewahi kuona. Walipolinganisha kumbukumbu waligundua kwamba mapipa huongezeka siku za mvua kubwa, mchana, watu wakiwa ndani na mabati yakipiga kelele kiasi kwamba gari likipita halisikiki. Bibi Afya aliwashauri waweke zamu. Anayeona gari asilifuate, asisimame mbele yake, asigombane na mtu. Akae alipo, apige picha kama inawezekana, ashike namba ya gari, siku na saa. Kazi ya kukamata ina wenyewe. Kazi ya mtaa ni kuona, na kusema ilichokiona wakiwa wengi.

Mvua iliyofuata ilianguka katika zamu ya Mama Povu. Alisimama kwenye dirisha la jikoni lililotazama njia ya kilimani, simu mkononi. Maji yalitelemka kwenye kioo. Alisikia mngurumo kabla hajaona kitu. Kisha gari likapita, likipanda taratibu, limefunikwa turubai.

Turubai lilikuwa na kiraka cha kijani. Kiraka kile alikishona mwenyewe, kwa kitambaa cha pazia kuukuu, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, huku mdogo wake akimsimulia vichekesho.

Mama Povu hakupiga picha. Alibaki ameshika simu hadi kioo chake kikazima. Baada ya muda gari lilishuka, turubai limelala bapa. Halikusimama.

Mumewe aliporudi alimkuta amekaa gizani jikoni na chakula hakijaandaliwa. Alimuuliza kama gari limekuja. Mama Povu alisema limekuja, na kwamba ni la Breki. Seremala alikaa kwenye kigoda. Aliutazama mkono wake wenye bandeji kwa muda. Alisema hatamwambia la kufanya, kwa sababu Breki ni ndugu yake yeye, na uamuzi wowote atakaoutoa leo ataishi nao maisha yake yote. Kisha akaenda mwenyewe kuwasha jiko.

Kesho yake Breki alikuja kula kama kawaida. Mama Povu aliwatuma watoto nje. Alimpakulia, akamwacha ale tonge mbili tatu. Halafu akaweka mikono yake juu ya meza, mbele ya sahani, vidole vimekunjuliwa. Ngozi ya vifundo ilikuwa imepasuka na kuonyesha wekundu.

"Jana mvua ilipokuwa inanyesha ulipita hapa," alisema. "Ulikuwa umebeba nini?"

Breki aliacha kula. Alisema kwamba ni mizigo tu. Akasema ni maji machafu ya karakana, ile ya kung'arisha vyuma, na kwamba mwenye karakana alimwambia ayamwage popote palipo na jaa. Alisema na wengine wanabeba. Alisema kama si yeye, angekuwa mtu mwingine.

"Kisima changu kimefungwa. Unajua?"

"Nimesikia. Sikujua kama ni..." Hakumaliza.

"Mkono wa shemeji yako umeuona. Uliuliza umefanya nini, ukapewa jibu, ukaendelea kula. Hapo ulishajua."

 Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye paa, tone moja moja.

"Dada, wakijua watanichukulia gari. Na bila gari mimi si mtu."

"Mimi nilikubeba mgongoni wakati huna gari," alisema Mama Povu. "Ulikuwa mtu."

Alichukua sahani, akaifunika, akairudisha jikoni. Aliporudi alizungumza polepole, kama mtu anayekunja shuka kubwa peke yake. Alisema keshokutwa kuna kikao cha mtaa. Huko ataulizwa ameona nini katika zamu yake, na yeye hatasema uongo mbele ya watu wanaokunywa maji yaleyale.

"Ukitangulia kusema wewe, nitakaa upande wako," alimwambia. "Nikitangulia mimi, nitakaa upande wa mtaa. Chagua."

Breki aliondoka bila kuaga. Mama Povu alirudi kwenye karai, akafua kwa maji ya bomba aliyokuwa akiyatafuta mbali tangu kisima kifungwe. Alifua nguo moja mara tatu, bila kujitambua.

Kikao kilifanyika katika darasa la chekechea, kwa kuwa ndilo jengo pekee lenye nafasi. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bibi Afya alikaa karibu na ubao. Breki hakuwepo. Mwenyekiti alifungua kikao, akauliza aliyekuwa zamu siku ya mvua aeleze. Mama Povu alisimama.  Alikuwa ameshafungua mdomo pale mlango uliposukumwa.

Breki aliingia, kofia mkononi. Hakutafuta kiti.

"Mapipa nimeyaleta mimi," alisema.

 Akaeleza yote, kuanzia jina la karakana na aina ya mzigo, hadi kwamba aliambiwa achague siku za mvua. Alipomaliza, Baba Bata alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mzee. "Na nguo zenyewe anakufulia dada yako."

Baadhi ya vijana wa nyuma walianza kusogea mbele, na si kwa nia njema. Mama Povu aliinua kiti chake kidogo, akakibeba hadi alipokuwa mdogo wake, akakiweka kando yake na kukaa. Vijana walisimama. Si rahisi kumpiga mtu ambaye dada yake, aliyekufulia nguo zako, amekaa miguuni pake.

Bibi Afya akatumia nafasi ile. Alisema aliyemwaga ana kosa, na atalijibu. Aliyemtuma ana kosa kubwa zaidi, kwa sababu yeye alijua kilichomo. "Huyu mkimpiga leo," alisema, "yule aliyemtuma atakodi gari lingine kesho. Mkimpeleka aseme alichosema hapa, karakana haitakuwa na pa kujificha."

Mwenyekiti aliongeza la kwake, kwamba mchuma janga hula na wa kwao, na kwamba leo wameona kwa macho. Kisha wakachagua watu wa kwenda ofisi ya mazingira ya mji. Baba Bata alijiandikisha wa kwanza.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mara ya kwanza waliambiwa mhusika hayupo. Mara ya pili yupo lakini ana mkutano. Bibi Afya alikuwa amewafundisha kwamba malalamiko ya mdomo hupeperuka, kwa hiyo waliyaandika, wakaambatanisha picha na majibu ya maabara, na hawakuondoka mpaka wapewe namba ya shauri lao. Kila walipokwenda walikwenda kundi, na kila walipokwenda walitaja namba ile. Breki alikwenda nao. Kwenye foleni alisimama wa mwisho, na Baba Bata alihakikisha kuna watu kati yao.

Mwenye karakana alikana kwanza. Alisema hajui mapipa wala dereva. Lakini mapipa yalikuwa ya aina ileile iliyopangwa kwenye ua wake, na dereva alikuwa amesimama mbele yake akieleza mlango aliopakilia. Ofisi ikafunga karakana mpaka iwe na mahali halali pa kuhifadhia na kupeleka uchafu wake, na ikamwamuru agharimie kusafisha machimbo. Breki alitozwa faini, na gari lake likazuiwa kwa muda. Hakubisha.

Wasafishaji walikuja wamevaa mavazi ya kufunika mwili mzima, barakoa na glavu ndefu. Watu wa mtaa waliangalia kutoka mbali, walivyoelekezwa. Yaliondolewa mapipa, makopo, na hata tabaka la udongo uliolowa. Siku ile watu wengi walielewa, kwa kutazama mavazi tu, kile walichokuwa wakikikaribia kwa kandambili.

Zilizobaki zilikuwa taka zao wenyewe. Bibi Afya aliporuhusu, mtaa mzima ulitoka na reki, mabuti na glavu. Walilipata hata lile godoro la kwanza, au ndugu yake. Seremala, mkono umepona na kuacha kovu linalong'aa, alitengeneza kizuizi cha gogo kwenye njia ya machimboni, na kibao cha kukataza kutupa taka. Mji ulikubali gari lake la taka lifike barabarani kwa siku maalumu, ilimradi taka ziwe zimekusanywa mahali pamoja. Maganda na mabaki ya chakula yalitengwa kuwa mbolea. Chupa na chuma chakavu vilichukuliwa na wanunuzi. Betri za tochi, dawa za wadudu zilizokwisha muda na chupa za dawa ya madoa viliwekwa kwenye boksi la peke yake zahanati, na Bibi Afya alijua pa kuvipeleka.

Si kila kitu kilirudi kama zamani. Nyumba ya wageni ilikuwa imeshazoea dobi mwingine, wala haikurudi. Kisima kilipimwa tena, na Bibi Afya akasema bado, labda mwakani, labda zaidi. Mbao zilibaki mdomoni mwa kisima. Mikono ya Mama Povu ilipona polepole, na wauguzi wakamrudishia sare zao, kisha wakamletea na mapazia ya wodi.

Gari la Breki lilipoachiliwa, asubuhi ya kwanza lilisimama mbele ya ua likiwa na tangi la maji ya bomba.  Alivuta mpira, akajaza mapipa ya dada yake, akaondoka kwenda kutafuta kazi. Akafanya hivyo kesho yake, na siku zote zilizofuata. Mama Povu hakumwomba, wala hakumshukuru kwa maneno. Mchana alimpakulia.

Baba Bata alinunua vifaranga. Alichukua muda mrefu kumwitikia Breki salamu, na alipoitikia aliitikia kwa kidevu.

Mvua za mwaka uliofuata, lori geni lilipanda njia ya kilimani alasiri moja. Lilifunikwa vizuri, limejaa hadi juu. Lilifika kwenye gogo likasimama. Dereva akapiga honi.

Binti wa Mama Povu alitoka varandani, akapiga picha namba ya gari. Mlango wa pili ukafunguliwa, kisha wa tatu. Wanawake walisimama kwenye varanda zao, wengine na watoto kiunoni, wengine na simu mikononi. Hakuna aliyetukana. Baba Bata alitoka na mwavuli, akasimama chini yake.

Mama Povu alikaa palepale alipokuwa, mlangoni, akapaza sauti kiasi cha kusikika ndani ya mvua. Aliuliza mzigo ni wa nini.

Dereva alitoa kichwa dirishani. Alionekana kuwa kijana, na amechoka. Alisema ni taka tu za kawaida. Mama Povu akamweleza njia ya dampo la mji, kwamba arudi barabarani, afuate mkono wa kulia, atapita mnara wa simu, ataona geti na watu wa kupima mzigo.

"Kwani hapa si jaa?" aliuliza dereva. "Mimi niliambiwa hapa ni jaa."

"Lilikuwa," alisema Mama Povu.

Dereva aliwatazama wote waliosimama. Akarudisha kichwa ndani. Lori likarudi kinyumenyume, taratibu, hadi kwenye kona, likageuza. Wanawake walisubiri mngurumo wake uishe kabisa. Kisha kila mmoja akarudi ndani kuendelea na kazi yake.